Moja kwa Ishirini

Mama alipima kwa mwili.
Urefu, pima tano na shubiri;
kina, dhiraa moja na wanda tatu;
toka ubavuni hadi kwenye tengo, pima moja kamili,
na hapo alijilaza kifudifudi mchangani,
mikono ameitandaza, anacheka,
huku Baba akichora mstari kwa kisigino.

Kuchonga ilikuwa kazi ya Baba.
Lakini bahari ya Manihiki ilimrudisha juu upesi mno
siku moja ya kusaka chaza,
na toka hapo mkono wake wa kushoto
haukupanda tena kupita bega.
Nusu ya mtu haitoi pima.
Ndiyo maana vaka yetu ilibeba vipimo vya mwanamke,
na wanaume wa Tukao walisema itapinduka.
Haikupinduka.

Sasa niko Rarotonga, meza ya jikoni,
saa nne za usiku, zamu ya wodini imekwisha,
viatu vyeupe vimelala mlangoni,
nami nagawanya mwili wa marehemu kwa ishirini.
Pima yake, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole,
imekuwa kidole changu cha kati.
Shubiri yake ni ukucha wangu mdogo.
Wanda ni unene wa sindano
ambayo watoto huiona wakaanza kulia mapema.

Gogo nililipata bure:
tawi la mtondoo lililoangukia paa la chumba cha kufulia,
dhoruba ya Februari.
Tezo ya Baba ni kubwa mno kwa kazi hii,
ningeipasua chombo kwa pigo moja.
Natumia kisu cha daktari kilichotupwa,
msasa, na subira ambayo sikujua ninayo.
Tanga nimelisuka kwa ukili wa mkadi
mwembamba hadi macho yakatoa machozi.

Mwenye kuagiza ni Bwana Papatua,
meneja wa hoteli iliyo karibu na uwanja wa ndege.
Dola mia nane, sanduku la kioo,
mezani pa mapokezi, kabla ya Alhamisi.
"Weka misumari ya shaba," alisema, "itang'aa."
Vaka haina msumari, nikamwambia.
Vaka hufungwa.

Kufunga ndiko kulikonishinda.
Kumbi nimelichambua hadi uzi mmoja mmoja,
bado, kwa moja kwa ishirini,
unafanana na mkunga aliyejizonga kijitini.
Uzi wa dukani unafanana na duka.
Usiku wa Jumapili nikafungua droo kutafuta mkasi
nikakutana na kitana cha Mama,
na mvi zake bado zimejiviringisha menoni.

Sikufikiri. Niliushika mmoja kwa koleo ya nyusi,
nikabana pumzi,
mizunguko saba, fundo, mizunguko saba.
Tengo likakaa.
Nikajaza beseni la vyombo, nikaiweka juu ya maji.
Ikalalia upande, kama anayesikiliza,
kisha ikanyooka.

Mwanangu Teokotai, aliyetakiwa awe amelala,
akauliza zile ni nyuzi gani zinazong'aa.
Nikamwambia.
Akarudi nyuma hatua moja,
maana hata mtoto wa miaka tisa anajua kwetu
kichwa cha mtu hakiguswi ovyo,
sembuse kuachwa mezani pa mapokezi
ambapo wageni hutupa funguo
na kuegemeza viwiko na kuuliza mtandao uko wapi.

Basi hii imepanda juu ya kabati,
omo yake inaelekea kaskazini, nilikokisia kwetu.
Bwana Papatua nimempigia simu: Alhamisi ijayo.
Amenung'unika. Nitamfungia kwa nailoni, hatajua.
Ila hiyo ya pili nitaipima kwa mwili wangu,
na mimi sikumfikia Mama hata begani.
Itatoka fupi.
Ikipwaya ndani ya sanduku lake la kioo,
na akate kioo.